Uvimbe usiouma si jipu: maswali kuhusu limfoma ya ngozi

Limfoma ya ngozi ni nini?
Ni saratani ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu zinazotulinda na maradhi. Huzaliana ovyo na kujikusanya kwenye ngozi.

Nani awe macho zaidi?
Mwenye VVU, hasa asiyetumia ARV au aliyeziacha. Pia aliyepandikizwa figo, maana dawa zinazozuia mwili usiikatae figo mpya hushusha kinga. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo wenzetu hawa tunaishi nao mitaani.

Nitaitofautishaje na jipu?
Jipu lina moto, linauma, linatunga usaha na kupasuka. Kinundu cha limfoma ni kigumu, mara nyingi hakiumi, kinazidi kukua, na huweza kuwa chekundu, cha zambarau au cheusi kuliko ngozi yako. Baadaye huchimbika kidonda kisichopona.

Kama hakiumi, si nisubiri kwanza?
Hapana. Mkulima mmoja wa zabibu alivua shati mbele yangu: begani kinundu cha ukubwa wa limau, pembeni chale za wembe, juu yake majani yaliyosagwa yamekaukia. Miezi mitano anacho. Alikuwa anangoja amalize mavuno kwa sababu "hakinisumbui". Jamani, kutouma si usalama! Kinga yako iko chini na uvimbe umepitisha wiki mbili? Njoo. Usiuchanje, usiukamue, usingoje uume. Tutakata kinyama kidogo kwa ganzi kipimwe maabara; kwa macho tu hata mimi siwezi kukuhakikishia.

Nikianza na dawa za dukani?
Antibiotiki haiui saratani. Vidonge na krimu za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na muwasho, ni balaa zaidi: uvimbe unaweza kunywea kwa muda, ukadhani umepona, na kinyama kikipimwa majibu yasieleweke.

Inaambukiza?
Haiambukizi. Kuleni naye sahani moja.

Inatibiwaje?
Kwa dripu za saratani au mionzi, kulingana na aina yake na ilikofika. Mwenye VVU lazima ashike ARV. Aliyepandikizwa figo asiache dawa zake mwenyewe, anaweza kuipoteza figo. Daktari ndiye atakayepunguza dozi.

Nije na nini?
Kadi ya CTC (kliniki ya VVU) kama unayo, na maboksi ya dawa zote ulizotumia. Za mizizi nazo utaje. Sitakugombeza, nataka kujua tu nini kimepita kwenye hiyo ngozi.