Usafirishaji haramu wa binadamu: neno "usafirishaji" linavyotupoteza

Juzi nimeisikia tena: "Huyo binti hajasafirishwa popote, mbona kila siku analala kwao?" Aliyesema hakuwa na nia mbaya. Aliyempotosha ni neno lenyewe.

Tumalize maana upesi. Itifaki ya Palermo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu huu, inataja mambo matatu. Kwanza kitendo: kumtafuta mtu na kumnasa, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Pili njia: nguvu, vitisho, hila, kutumia unyonge wake. Tatu lengo, ambalo ni kumnyonya, iwe kingono au vinginevyo. Kitendo kimoja kati ya hivyo kinatosha, na kusafirisha ni kimojawapo tu. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haihitaji hata kuthibitishwa. Kwa hiyo ile kauli ya "alikubali mwenyewe" haina pa kusimama.

Sasa hili neno. Safari tuliipata kwa Waarabu. Tukapata safiri, tukaongeza -ish- ya kutendesha, ikawa safirisha, kisha usafirishaji. Ni neno zuri kwa magunia na makontena. Msikilizaji akilisikia, kichwani anaona lori, mpaka, pasipoti iliyofichwa. Neno la Kiingereza tulilokuwa tunalifasiri, "trafficking", lina ukoo na "traffico" ya Kiitaliano, yaani biashara. Habari ya magari barabarani ilikuja baadaye sana. Sisi tukashika magari, tukaacha biashara. Ndiyo maana wanaosema "biashara haramu ya binadamu" naona wamelenga zaidi, ingawa hilo jingine limeshazoeleka hata kwenye hotuba rasmi.

Kuvusha wahamiaji kwa magendo ni jambo jingine kabisa, na lina itifaki yake. Hapo ndipo mpaka wa nchi ni lazima uvukwe, na kwa kawaida mvushwaji hulipa nauli, akifika kila mtu ana njia yake. Katika biashara ya binadamu, kufika ndiko kunakoanza kazi. Yapo matukio yanayoanza kama magendo yakaishia biashara, nakubali, lakini hilo halifanyi maneno hayo mawili kuwa pacha.

Turudi kwa binti. Ana miaka 15, anavaa sare, anakwenda shule. Ana "mpenzi" aliyemnunulia simu, na sasa simu hiyo imegeuka deni. Jumamosi mchana anaitwa, anakutanishwa na mtu asiyemjua, kabla ya magharibi yuko nyumbani anaosha vyombo. Pesa amepokea mpenzi. Kiswahili cha zamani kina jina la mtu huyo, kuwadi, na sijui kwa nini siku hizi tunaona haya kulitumia. Binti hakuvuka hata mtaa. Mama yake hakuona cha kumshtua zaidi ya simu mpya na binti kuwa mkimya.

(Na asiitwe "kahaba mtoto". Miongozo ya istilahi kuhusu unyonyaji wa watoto kingono, iliyopitishwa Luxembourg mwaka 2016, ilishashauri lugha hiyo iachwe. Anayeuzwa si mwenye duka.)

Basi ndugu yangu, kama ulimi umezoea "usafirishaji", endelea nao, sigombani. Ila ukisimuliwa habari kama hii, kabla ya kuuliza alipelekwa wapi, uliza kwanza nani alipokea pesa.