Usikivu wa bakteria kwa dawa katika kidonda cha kisukari

Mtu akimeza dawa bila kupata nafuu, husemwa kwamba ugonjwa wake hausikii dawa. Katika maabara neno hilo hubana zaidi: usikivu ni hali ya bakteria fulani kuuawa na antibiotiki fulani, au kuzuiwa asizaliane, na asiyesikia huitwa sugu. Anayepimwa, basi, si mgonjwa bali ni bakteria aliyetolewa kidondani mwake.

Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi hutia miguu ganzi na kupunguza damu inayofika vidoleni, hivyo mtu huweza kukanyaga msumari asihisi, akashtuka siku kadhaa baadaye soksi imelowa usaha. Kidonda kipya, kisichowahi kutibiwa, mara nyingi huwa na bakteria kama Staphylococcus aureus au streptokoka, lakini kilichodumu na kupitia dawa nyingi huweza kubeba pia Klebsiella, Proteus na Pseudomonas aeruginosa. Huyu wa mwisho kwa asili yake hasikii kabisa amoksilini, ambayo watu wengi huinunua dukani kwa mazoea.

Kipimo huanza na sampuli, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Pamba ikipitishwa juu juu huokota bakteria wanaoishi tu kwenye ngozi. Inafaa kidonda kisafishwe, nyama iliyokufa iondolewe, kisha ichukuliwe nyama kidogo kutoka chini kabisa ya kidonda, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza. Bakteria wakishaoteshwa, hupakwa kwenye sahani ya agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea bakteria, juu yake huwekwa vipande vya karatasi vya milimita 6 vyenye dawa mbalimbali, na sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi kwa saa 16 hadi 18. Dawa inayosikika huacha duara tupu lisiloota kitu, ambalo upana wake hupimwa kwa rula na kulinganishwa na jedwali; bakteria sugu huota hadi ukingoni mwa karatasi.

Kidonda kisicho na uvimbe, joto, wekundu, maumivu wala usaha hakihitaji kuoteshwa, wala hakihitaji antibiotiki. Na dawa iliyoshinda kwenye sahani bado hutegemea damu iifikishe mguuni, ndiyo maana daktari makini, akiwa na majibu mkononi, huweka vidole kwenye upande wa juu wa wayo wa mgonjwa kutafuta mapigo ya mshipa.