Ukinzani wa insulini, moyo, na vidonge vya vitamini: maswali na majibu

Nimeambiwa mwili wangu hauisikii insulini vizuri. Sukari bado iko sawa, mbona daktari anazungumzia moyo?

Kwa sababu mishipa ya damu huanza kuumia kabla sukari haijapanda. Insulini pia huuamuru utando wa ndani wa mshipa utengeneze naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa damu ipite. Amri isiposikika, gesi hupungua. Radikali huru, yaani chembe zenye oksijeni zinazoshambulia chembe nyingine, nazo huongezeka na kuiharibu hata ile kidogo iliyobaki. Mshipa hukakamaa, presha hupanda. Kolesteroli ya LDL, ile iitwayo mbaya, iliyojipenyeza ukutani huoksidika, na hapo ndipo mafuta huanza kujijenga.

Antioksidanti, vitu vinavyozizima radikali hizo, husaidiaje?

Kata tofaa uliache mezani: muda si mrefu linageuka rangi ya kahawia. Ukilipaka maji ya limau, hukawia kugeuka, kwani vitamini C huzuia oksijeni isiliharibu. Mwilini kazi ni ya namna hiyo, ila ni tata zaidi.

Basi si nimeze vidonge vya vitamini C na E?

Tafadhali, usikimbilie huko. Katika utafiti wa HOPE wa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, baadhi wakiwa na kisukari, walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Waliomeza yuniti 400 za vitamini E kila siku hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi. Ufuatiliaji uliotangazwa 2005 ulionyesha hata moyo kushindwa kufanya kazi uliongezeka kwao.

Kuna linalonigusa zaidi. Mwaka 2009, watafiti nchini Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne. Wasiotumia vidonge, miili yao ilianza kuisikia insulini vizuri zaidi. Waliomeza vitamini C na E hawakupata faida hiyo. Radikali huru chache zinazotokana na mazoezi ndizo huuamsha mwili ujiimarishe. Ukizizima zote, umezima na ujumbe.

Nile nini?

Mboga za majani, kunde na maharagwe, karanga na jamii yake, matunda mazima badala ya juisi, kwani juisi hupoteza nyuzinyuzi na kupandisha sukari haraka. Nchini Hispania, utafiti wa PREDIMED ulionyesha kwamba mlo wa aina hii, ukiongezwa mafuta ya zeituni au njugu kama lozi, ulipunguza hasa kiharusi.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Nile mboga za majani?

Kula, ila kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Vidonge vya vitamini E usiviguse kabla ya kuzungumza na daktari; vinaweza kuongeza kutokwa na damu.