Bidii ya mchezaji wa basketi ni nini hasa

Bidii, kwa mchezaji wa basketi, ni mazoea ya kuifanya kazi ya uwanjani kwa kiwango kilekile, kocha awepo asiwepo, mpira uwe unaingia au unagoma. Ni kitu tofauti na kipaji, na tofauti zaidi na hamasa. Kijana aliyekesha akitazama fainali huamka na hamu ya kurusha mpira mchana kutwa, kisha baada ya siku chache humwoni tena. Mwenye bidii utamkuta uwanjani hata siku ambayo mwili wake unasema leo hapana.

Wengi huipima bidii kwa jasho, na hapa Mombasa kipimo hicho hakifai. Mwezi wa Februari, simama tu kwenye uwanja wa saruji usio na paa saa nane mchana, fulana italoa kabla hujadunda mpira. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na mwili usiokaushwa jasho unashindwa kujipoza. Anayekimbia saa hiyo kwa kutaka kuonekana shujaa anajichosha bure. Afadhali nusu saa baada ya swala ya alfajiri, au jioni jua likishapoa, ukiwa unajua unachokitafuta.

Na cha kutafuta ni nini? Chukua hesabu ambayo wachezaji wachache huifanya. Mechi kwa kanuni za FIBA, shirikisho la basketi duniani, ni dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi. Tuseme timu yako inakuwa na mpira nusu ya muda huo, dakika 20. Mko watano. Kwa wastani kila mmoja anaushika dakika nne, na kwa kweli ni chini ya hapo, maana mpira hukaa hewani pia. Anayeuongoza mchezo ataushika zaidi, wengine wataushika kidogo kabisa. Basi zaidi ya dakika 36 za mechi unacheza huna kitu mkononi, na mimi naamini huko ndiko bidii ya mtu inakojulikana.

Wakati huo kuna kazi tele. Mpira ukipotea, unageuka na kurudi kulinda kwa mbio au unarudi ukitembea huku ukimlaumu mwenzako? Mwenzako akirusha, unamweka mpinzani mgongoni ili umzuie asifike ubaoni, au unasimama kuangalia kama itaingia? Unamwekea skrini mwenzako aliyebanwa, yaani unasimama imara kumzibia njia mlinzi wake? Unapaza sauti kwenye ulinzi, “nyuma yako, kushoto!”, au umenyamaza kwa kuwa hujapewa pasi robo nzima? Hakuna hata moja kati ya hizi inayodai kipaji. Mkono unaweza kukukataa siku hiyo, wachezaji wote duniani hukataliwa na mkono. Lakini miguu ya kurudi nyuma haina siku mbaya ya namna hiyo.

Mnamo Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Okari Ongwae, na ushindi huo ukaisaidia Kenya kurudi kwenye mashindano ya Afrika ambayo haikuwa imeyacheza tangu 1993. Sote tunaukumbuka mtupo ule, na ni haki yake. Lakini mechi ya tofauti ya pointi moja huamuliwa pia na kila mpira uliookolewa usitoke nje, na kila mpinzani aliyenyimwa nafasi rahisi katika robo ya kwanza ambayo hakuna anayeisimulia.

Kwenye mazoezi ya peke yako, bidii inahitaji hesabu na daftari. Mtupo huru, ule anaopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, hurushwa kutoka kwenye mstari ulio mita 4.6 hivi mbele ya ubao, hakuna anayekuzuia, kwa hiyo unaweza kujipima bila kisingizio. Usiandike umerusha mingapi. Andika imeingia mingapi. Na usiirushe ukiwa umepumzika tu. Kwenye mechi utaufikia mstari ule ukihema, magoti yamelegea. Kimbia uwanja mzima wa mita 28, kwenda na kurudi, kisha rusha miwili, kisha kimbia tena. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, ila kamba hiyo ipite mahali pamoja. Anayejaribu kila siku mbinu mpya aliyoiona kwenye simu hakati chochote. Mkono dhaifu nao upewe muda wake, hata kama ni kudunda mpira kwenye kibaraza cha nyumbani.

Maisha ya hapa yana ratiba yake, na bidii haiishi nje yake. Mwanafunzi wa Likoni anayesubiri feri, kisha ana madrasa jioni, hawezi kufuata mpango wa mchezaji wa Marekani mwenye ukumbi na mpishi. Atafute dakika zake halisi na azitunze. Ramadhani ikiingia, mazoezi mazito yasogezwe baada ya tarawehe, na kabla ya futari iwe mitupo mepesi tu. Asiye na uwanja karibu ana ufuo: maji yakikupwa pale Pirates, mchanga laini wa juu unafanyisha miguu kazi kuliko lami.

Na usingizi umo ndani ya bidii. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Kifundo cha mguu kilichoteguka hakiponi kwa kukaziwa bandeji na kurudishwa uwanjani kesho yake, na mchezaji anayemficha kocha maumivu yake anaiibia timu wiki nyingi za mbele.

Kocha na wazazi wana sehemu yao. Mtoto akirudi kutoka mechi, swali la kwanza huwa “umefunga ngapi?” Akiulizwa hilo tu, ataelewa kwamba dakika zile 36 hazina mtu anayezitazama. Kwenye karatasi ya mechi, kando ya pointi, kocha aandike nani alirudi kulinda, nani aliweka skrini nzuri, nani aliruka kuuokoa mpira uliokuwa unatoka nje, kisha ayasome majina hayo kwa sauti mbele ya timu nzima.