Binti hakupoteza miezi minane

Juzi tena. Mzazi kaniletea binti yake chuoni: "Mwalimu, amekaa kwa fundi cherehani wa mtaani miezi minane, hakufundishwa kitu. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kushikiza vifungo." Maneno haya nimeyasikia mpaka yamenichosha.

Nikampa binti gauni lililokuwa halikai sawa kwenye zipu. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Kitambaa cha juu kimevutwa hapa." Kweli kilivutwa. Aliyepiga pasi mishono ya kila namna huujua kwa mkono mshono uliolala na uliojikunja, hata kabla ya kuelezwa sababu.

Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani wa makabila ya Wavai na Wagola mjini Monrovia, Liberia. Wanagenzi pale walianza na umaliziaji wa nguo: vifungo, pindo, pasi. Baadaye kushona. Kukata kulikuja mwisho. Pindo likienda upande unafumua. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi, na mteja anataka kitenge chake. Tena, aliyeshikiza vifungo vya mashati mengi ameshaishika nguo nzima, anajua kila kipande kinapokaa, hata kama mkasi hajaugusa.

Na msiniambie "amejifunza kwa kuangalia tu". Pindo baya fundi hulirudisha mezani bila neno, mwanagenzi akafumua. Mwenzake aliyemtangulia humwonyesha pa kushika. Mteja anarudi analalamika kwapa linabana, na kila mtu kibandani anasikia. Huko ndiko kufundishwa.

Sisemi kila kibanda kinafundisha. Wapo vijana wanaotumwa chai na maji mwaka mzima. Huo ni utumishi wa bure. Ugumu ni kwamba mwezi wa kwanza hali hizo mbili zinafanana, nami nimewahi kukosea kuzitofautisha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, nayo huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni kwamba mtihani humpima mtu peke yake, ilhali sehemu ya ujuzi wake imo kwa wale anaoshona nao.

Binti nimemweka na wanafunzi wa mwaka wa pili. Chati ya vipimo hajui kuisoma, hiyo nitamfundisha. Wenzake wameshaanza kumpelekea mishono yao aikague.