Usitupe hiyo paipu kuukuu kabla hujanunua ingine

Kuna mzee mstaafu alituletea Datsun 1600 hapa karakana ya chuo, ile boksi boksi, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1970, akasema amebadilisha paipu zote za breki na sasa anataka tu tumsaidie kutoa hewa juu pedali bado inashuka, na tumalize haraka kwa sababu Jumamosi anateremka nayo Mai Mahiu akienda Naivasha. Paipu zilikuwa mpya kabisa, zinang'aa. Tukamwambia kijana mmoja akanyage pedali ashikilie, mimi nikaingia chini na tochi. Pedali ikawa inashuka polepole kama mtu anayesinzia kwa matatu, na pale nyuma kwa wili silinda, ile silinda ndogo ya breki iliyo kwa gurudumu, tone likajikusanya kwa nati, likakua, likaanguka, lingine likaanza. Nikaweka spana nilegeze kidogo hivi, nati ikacheza mle ndani kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Ilikuwa nati ya Mwingereza ndani ya gari ya Mjapani. Hapo ndipo watu wengi wanaumia bila kujua. Gari mingi za Uingereza za miaka ya 60 na 70 zinatumia nati ya breki ya 3/8 UNF, kipimo cha inchi, ambayo unene wake ni karibu 9.5 mm na ina thredi (ile mikunjo ya skrubu, hapa iko kwa nje) 24 kwa inchi moja, nazo za Japani na Ujerumani zinatumia M10, kipimo cha milimita, unene 10 mm, thredi zimeachana 1 mm. Za Mwingereza zimeachana 1.06 mm. Ukiziangalia kwa macho pale kaunta ni mapacha. Sasa ile ya 3/8 ukiiweka kwa shimo la M10 inaingia vizuri tu, hata inaingia rahisi kuliko inavyofaa, unakaza unasikia imeshika, kumbe imeshikwa na ncha za thredi peke yake. Mguu ukikanyaga kwa nguvu presha kwa hiyo paipu inaweza kupita psi 1,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na thredi zilizoshikana kwa ncha hazina kazi hapo.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa ni huu, ukienda kutafuta paipu Kirinyaga Road (sisi wazee bado tunaita Grogan) au Industrial Area, nenda na ile kuukuu mkononi, nzima, na nati zake zote mbili, hata kama imeoza. Mtu wa speya atakuuliza unataka mita ngapi. Hilo swali la mita ni la mwisho. La kwanza ni nati, la pili ni mdomo wa paipu, ndio mengine yafuate. Beba venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, kama unayo, na hata hiyo kuukuu usiiamini sana juu gari ya miaka hamsini imepita kwa mafundi wangapi, mmoja wao anaweza kuwa alibadilisha silinda akaweka ya gari ingine. Pima nati halafu rudi upime na shimo lenyewe. Nati ya sawa unaikaza na vidole mpaka karibu na mwisho na haitingishiki njiani.

Mdomo nao. Paipu ya breki haifungi kwa thredi, inafunga pale mwisho ilipopanuliwa ikabanwa na nati. Kuna mdomo wa tarumbeta, umekunjwa mara mbili kwa ndani, huo ndio utaukuta kwa Datsun na Toyota na gari za Marekani. Kuna mdomo wa uyoga, mviringo kwa nje, huo ni wa Mjerumani, kama una Beetle ndio wako. Mwingereza anatumia yote miwili kwa gari moja kulingana na nati, yeye alipenda kutusumbua. Uyoga kwa kiti cha tarumbeta, yaani pale ndani ya shimo mdomo unapokaa, utavuja, utakaza, utavuja, utakaza tena mpaka upasue kiti chenyewe na hapo sasa unanunua silinda. Tarumbeta la mkunjo mmoja usikubali kwa breki, hata fundi akuapie, linapasuka. Na zile nati za plamba zenye kipete cha kubana ni za maji ya bafu, ziache huko.

Upande wa chuma chenyewe si maneno mengi. Paipu nyingi za breki ni 3/16 ya inchi, yaani 4.75 mm. Ya stili iliyopakwa ni sawa, ndiyo gari ilitoka nayo kiwandani, ila inashika kutu. Ile ya kopa iliyochanganywa na nikeli ndiyo mimi naipenda, haishiki kutu, inakunjika na mkono, mdomo wake unatoka safi, na mviringo mmoja wa futi 25 huwa unakaribia kutosha gari ndogo. Stenlesi inapendeza sana kwa wale wanaopeleka gari Concours, yale mashindano ya urembo wa magari, pale Ngong Racecourse, lakini ni ngumu, mdomo wake unahitaji mashine nzuri na ukikosea kidogo haikai. Kopa tupu ya friji, ambayo ndiyo huyo mzee aliuziwa na duka fulani mjini, haifai hata kidogo: mtetemo unaifanya iwe ngumu halafu inakatika. Inafanana kwa rangi na ile ya nikeli, tofauti ni kopa tupu ni nyekundu zaidi na inalegea mkononi.

Petroli ni rahisi kidogo lakini ndiyo inachoma gari. Gari ya kabureta pampu yake inasukuma psi chache tu, basi watu wanadharau, unakuta mtu ameweka ile plastiki nyeupe inayoonyesha ndani juu ya manifoldi ya moto, yale mabomba ya injini. Inageuka manjano, inakuwa ngumu kama mfupa, inapasuka. Nunua hosi iliyoandikwa SAE J30 R6 au R7 kwa kabureta, na R9 kama gari ni ya injeksheni, maandishi yako kwa mgongo wa hosi yenyewe, kama haina maandishi rudisha. Na usichanganye mipira, wa petroli haupatani na mafuta ya breki na wa breki haupatani na petroli, unavimba.

Halafu zile hosi za breki za mpira zinazoenda magurudumu ya mbele, hizo badilisha tu hata kama nje ziko sawa. Zinavimba kwa ndani. Presha inapita ukikanyaga, haitaki kurudi, gurudumu linabaki limeshikwa na rimu inachemka, na fundi anakuuzia kaliper, kile kibanio cha breki, ambayo hukuihitaji. Angalia tarehe iliyochapwa juu yake maana hosi iliyokaa kwa rafu miaka mingi si mpya.

Datsun tulikata paipu zote tukatengeneza upya, na kijana wetu kama kawaida akapanua mdomo vizuri kabisa kabla hajaingiza nati. Nati haipiti tena juu ya mdomo uliopanuliwa, kwa hivyo akakata, akaanza tena. Kisha tukakanyaga pedali kwa nguvu, tukashikilia dakika nzima, tukapitisha karatasi ya tishu kavu kwa kila nati, gari ikalala karakana, asubuhi tukapitisha tishu tena. Ilitoka kavu. Mzee alienda Naivasha Jumamosi iliyofuata.