BASIC haina maktaba? Si kweli

Hapa Mwanza ukimwambia kijana wa kompyuta kwamba hesabu za magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba umeziandika kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu, atacheka: "Hiyo si kila programu unaanza upya?" Dhana hiyo, kwamba BASIC haina maktaba (faili la kazi zilizoandikwa tayari ili programu nyingi zitumie), ina mzizi. BASIC ilizaliwa mwaka 1964 huko Dartmouth, Marekani, ikitegemea namba za mistari na GOSUB (amri ya kurukia mstari fulani kisha kurudi). Kwenye GW-BASIC, toleo lake moja la zamani, uliweza kuunganisha faili kwa MERGE, lakini mstari wa 100 wa faili inayoingia ulifuta mstari wa 100 uliokuwepo, kimya kimya. Kero tupu.

Ila hayo ni ya zamani. QuickBASIC ya miaka ya 1980 ilikuwa na SUB na FUNCTION (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina; FUNCTION hurudisha jibu) zenye vigeu vyake vya ndani, na ilikubali maktaba. Leo kwenye FreeBASIC, ambayo ni ya bure, unaandika FUNCTION iitwayo BeiDagaa ndani ya dagaa.bas, unaamuru fbc -lib dagaa.bas, unapata libdagaa.a, ndiyo maktaba yenyewe. Tamko la DECLARE, linaloitambulisha BeiDagaa kwa programu nyingine, unaliweka kwenye dagaa.bi. Programu ya risiti na ile ya madeni zote zinaanza na #include once "dagaa.bi" na #inclib "dagaa": ya kwanza inaleta tamko, ya pili inaunganisha maktaba. Basi.

Ndani ya BeiDagaa usiweke PRINT (kuandika kwenye skrini) wala INPUT (kumuuliza mtumiaji), na hapa ndipo wengi huharibu. BeiDagaa irudishe jibu tu. Anayeiita ndiye aamue ataliandika wapi. Ukibadili namna ya kutoa uzito wa gunia tupu, unarekebisha faili moja, kisha unajenga upya maktaba na programu zote mbili, maana maktaba ya aina hii humezwa ndani ya programu inapojengwa.